Manjiro, Mvuvi Aliyekaa Ugenini Miaka Kumi

1. Mtoto wa mvuvi

Katika nchi ya Japani kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Shikoku, na katika pwani yake ya kusini palikuwa na kijiji cha wavuvi, jina lake Nakanohama. Huko, katika mwaka 1827, alizaliwa mtoto mwanamume akaitwa Manjiro. Watu wake walikuwa maskini. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, na ndugu yake mkubwa alikuwa dhaifu wa mwili. Kwa hiyo kazi ya kumsaidia mama ilimwangukia Manjiro. Hakupata kusoma wala kuandika. Elimu yake ilikuwa bahari, na kalamu yake ilikuwa mshipi na ndoana.

Siku zile Japani ilikuwa kama nyumba iliyofungwa mlango. Tangu miaka ya 1630 watawala walikuwa wamewakataza watu wao kwenda ng'ambo, na mtu aliyetoka kisha akarudi aliweza kuhukumiwa kifo. Katika mataifa ya Ulaya, Waholanzi peke yao waliruhusiwa kuleta biashara, tena katika bandari moja tu, Nagasaki. Basi mtoto wa mvuvi alizaliwa, akaishi na kufa bila kumwona mtu wa nchi nyingine hata mmoja.

Katika Januari 1841 Manjiro, kijana wa miaka 14, aliingia mashuani pamoja na wavuvi wanne. Mkuu wao alikuwa Denzo, na pamoja naye walikuwa ndugu zake wawili, Jusuke na Goemon, na mtu mwingine aitwaye Toraemon. Walipokuwa mbali na pwani dhoruba ikawapata. Mashua ikawa haiongozeki tena, na upepo na mkondo ukawachukua siku nyingi katika baridi kali, hata wakatupwa juu ya kisiwa kidogo kiitwacho Torishima, maana yake Kisiwa cha Ndege. Hapakuwa na mtu, wala shamba, wala kijito. Walikunywa maji ya mvua, wakala kome na ndege wakubwa wa baharini. Jusuke aliumia mguu, akawa hawezi kutembea vema. Hivyo walikaa karibu miezi mitano, nguo zikawa matambara, na miili ikabaki mifupa.

2. Desturi za merikebu

Tarehe 27 Juni 1841 merikebu ya Marekani iliyoitwa John Howland ilipita karibu na kisiwa kile. Ilikuwa merikebu ya kuvulia nyangumi, na nahodha wake alikuwa William Whitfield. Mabaharia wake walishuka kwa mashua kutafuta kasa wa kula, wakawaona wale watu watano, wakawachukua.

Hapo ndipo ugeni wa Manjiro ulipoanza, naye hakujua hata neno moja la lugha ya wale waliomwokoa. Lakini hakukaa pembeni kusubiri kuhudumiwa. Aliwatazama mabaharia, na kila walichofanya naye alijaribu kukifanya. Alionyesha kitu kwa kidole, akaambiwa jina lake, akalikariri hata likamkaa. Mabaharia wakampenda, na kwa kuwa jina lake liliwashinda, wakamwita John Mung.

Mambo ya kujifunza yalikuwa mengi, maana kazi ya nyangumi ina sheria zake. Usiku na mchana watu walifanya kazi kwa zamu. Mmoja alikaa juu ya mlingoti akichungulia bahari, na alipoona nyangumi akitoa pumzi majini alipiga kelele, na mashua zikashushwa mara moja. Kila mashua ilichukua watu sita. Wavuta makasia waliketi wakimpa nyangumi kisogo; aliyemwona ni yule aliyeshika usukani, nao walitii neno lake bila kugeuka. Mtu wa mbele alisimama na kumchoma mnyama kwa chusa kilichofungwa kamba. Nyangumi alipokufa alivutwa mpaka ubavuni mwa merikebu, mafuta yake yakakatwa vipande na kuchemshwa sitahani katika masufuria makubwa, kisha yakatiwa katika mapipa. Mafuta hayo ndiyo yaliyowasha taa za miji mingi siku zile.

Mshahara nao ulikuwa na desturi yake. Mabaharia hawakulipwa kwa mwezi. Safari ilipokwisha, mafuta yaliuzwa, na kila mtu akapata fungu lake kwa kadiri ya kazi yake: nahodha fungu kubwa, na kijana wa sitahani fungu dogo kabisa. Kwa hiyo safari ikikosa nyangumi wote hupata hasara, na mvivu mmoja huwapunja wenzake wote.

Katika Novemba mwaka ule merikebu ilifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Wale wavuvi wanne walishuka wakae huko. Lakini nahodha Whitfield alikuwa ameiona akili ya kijana, akataka kumchukua mpaka kwao ampe elimu. Hakumchukua hivi hivi, bali alimwomba Denzo ruhusa, kwa kuwa Denzo alikuwa mkubwa wao. Denzo alisikitika, kwa maana aliogopa kutengana. Lakini alipoona kijana mwenyewe anataka, akakubali. Manjiro akabaki peke yake kati ya wageni.

3. Mji wa Fairhaven

Merikebu iliendelea kuvua nyangumi, na mwezi wa Mei 1843 ikarudi bandari ya New Bedford, katika jimbo la Massachusetts. Ng'ambo ya mto ni mji mdogo wa Fairhaven, kwao nahodha Whitfield. Manjiro alikuwa na miaka 16.

Kila kitu kilikuwa kinyume cha alichokizoea. Kwao watu huvua viatu mlangoni na kuketi juu ya mikeka. Hapa watu waliingia nyumbani na viatu vyao, wakaketi juu ya viti. Kwao walikula wali na samaki kwa vijiti. Hapa walikula mkate na nyama kwa kisu na uma. Kwao mtu mdogo humwinamia mkubwa mpaka chini. Hapa watu walivua kofia au kupeana mikono, na hata tajiri alipita njiani bila kundi la watumishi wa kumtangulia. Watu wa kwetu husema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Manjiro hakuijua methali hiyo, lakini aliifuata kwa matendo yake. Aliketi kitini, akashika uma, akavaa viatu, wala hakuicheka desturi yoyote kwa sababu ni ngeni.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa shule. Hakujua kusoma lugha yoyote, kwa hiyo aliwekwa pamoja na watoto wadogo kujifunza herufi. Kijana aliyekwisha kuwinda nyangumi akakaa benchi moja na watoto waliokuwa wafupi kwake. Wengi wangeona haya na kukimbia, yeye alivumilia. Mwalimu mmoja wa kike akamsaidia nje ya saa za shule, naye akaendelea upesi. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha Bartlett, akajifunza hesabu, upimaji wa ardhi na elimu ya kuongoza chombo baharini kwa kutazama jua na nyota. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Saa za baada ya masomo alifanya kazi katika shamba la nahodha.

Lakini si wote waliompokea vema. Siku ya Jumapili nahodha alimchukua kanisani, akamketisha pamoja na jamaa yake. Baadaye wazee wa kanisa walimwambia nahodha kwamba kijana yule hawezi kukaa pale. Lazima akae katika viti vilivyotengwa kwa watu weusi. Nahodha Whitfield hakugombana nao wala hakumwacha kijana peke yake. Aliliacha kanisa lile, akatafuta jingine, hata akapata mahali ambapo wote wawili walikaribishwa kuketi pamoja. Manjiro hakusahau jambo hili mpaka mwisho wa maisha yake. Alijua sasa kwamba katika nchi moja wamo wanaofunga mlango na wanaoufungua, na ya kuwa mtu asihukumu taifa zima kwa ubaya wa wachache, wala asidhani kwamba wema wa mmoja ni wema wa wote.

4. Kazi ya mapipa, na kura ya mabaharia

Manjiro alitaka ufundi wa mkono utakaomlisha popote. Merikebu za nyangumi haziwezi kwenda bila mapipa, kwa hiyo alikwenda New Bedford kuwa mwanafunzi wa fundi wa mapipa. Desturi ya kule ilikuwa mwanafunzi akae nyumbani kwa bwana wake, alale na kula kwake, na kufanya kazi bila mshahara mpaka ajue ufundi. Kazi ilikuwa ngumu na chakula kilikuwa kibaya, hata Manjiro akaugua, akarudi Fairhaven kuuguzwa. Alipopona aliendelea hata akajua kuchonga mbao, kuzipinda na kuzifunga kwa pete za chuma zisivuje.

Katika mwaka 1846 alipanda merikebu ya nyangumi iliyoitwa Franklin. Alianza kama mtumishi wa nahodha, lakini safari ilikuwa ndefu, ikazunguka karibu dunia nzima, naye akaonyesha ustadi wake. Kisha nahodha wao akashikwa na wazimu, akawa hatari kwa watu wake. Ilibidi wamfunge, na walipofika Manila walimshusha akabidhiwe kwa mwakilishi wa serikali ya Marekani. Merikebu ikawa haina mkuu. Basi mabaharia wakapiga kura. Msaidizi wa kwanza wa nahodha alifanywa nahodha, na Manjiro akachaguliwa kuwa mmoja wa wasaidizi wake.

Jambo hili lilimwingia sana moyoni. Kwao Japani mtoto wa mvuvi angekuwa mvuvi mpaka kufa, wala hakuna ambaye angemwuliza anajua nini. Katika merikebu ile watu waliomzidi kwa umri na kwa nguvu walimpa madaraka, kwa kuwa alijua kazi.

Katika safari hiyo alifika tena Honolulu, akaonana na wenzake wa zamani. Lo, furaha ilichanganyika na machozi, kwa maana Jusuke alikuwa amekufa. Denzo na Goemon walikuwa wamejaribu mara moja kurudi kwao, wakashindwa. Tangu siku hiyo wazo la mama yake halikumwacha Manjiro. Lugha ya kwao ilikuwa imeanza kumtoka ulimini, naye akaogopa kwamba akikawia zaidi hata mama yake hatamwelewa.

5. Njia ya kurudi

Franklin ilirudi New Bedford katika Septemba 1849. Wakati huo habari za dhahabu ya California zilikuwa zimeenea, na watu wengi walikuwa wakikimbilia huko. Manjiro aliona kwamba hiyo ndiyo njia ya kupata nauli. Alifanya kazi ya ubaharia mpaka San Francisco, akapanda milimani, akachimba na kuchekecha mchanga wa mito. Palikuwa mahali pa fujo, pa kamari na ulevi, na wengi walipoteza usiku kile walichokipata mchana. Manjiro alifanya kazi siku 70 hivi, akapata dola 600, akaondoka. Hakutamani zaidi, kwa maana alijua fedha ile ni ya nini.

Huko Honolulu aliwaambia wenzake shauri lake. Toraemon hakutaka kurudi, akabaki. Denzo na Goemon walikubali. Manjiro akanunua mashua, akaiita Adventurer, na mchungaji wa mabaharia pale bandarini, Samuel Damon, akawasaidia kupata vitu vya safari. Kabla ya kuondoka Manjiro alimwandikia nahodha Whitfield barua ya shukrani, akimwomba radhi kwa kuondoka bila kuagana naye uso kwa uso.

Katika Desemba 1850 watu watatu wakapanda merikebu Sarah Boyd iliyokuwa ikienda Uchina, na mashua yao ikapakiwa sitahani. Mapema Februari 1851 walipofika karibu na kisiwa cha Okinawa walishushwa, wakaenda pwani kwa makasia katika bahari yenye mawimbi. Mbele yao palikuwa na nchi ambayo sheria yake iliweza kuwaua.

6. Mgeni katika nchi yake

Walikamatwa, wakaulizwa maswali. Walipelekwa Kagoshima, wakaulizwa tena. Mtawala wa huko, Shimazu Nariakira, alikuwa mtu mwenye akili, akataka kujua habari za merikebu za kigeni kuliko kuwaadhibu. Kisha walipelekwa Nagasaki, wakahojiwa mara nyingi na maofisa wa serikali kuu. Dini ya Kikristo ilikuwa imekatazwa Japani, kwa hiyo kwa desturi ya hukumu ile waliamriwa kukanyaga sanamu ya Kikristo.

Manjiro alijibu kwa unyofu. Alieleza habari za magari yanayokwenda juu ya reli kwa nguvu za moshi, na namna Wamarekani wanavyomchagua mkuu wa nchi yao kwa kura. Alieleza pia kwamba mabaharia wa kigeni hawaitaki nchi ya Japani, bali wanataka maji, chakula na kuokolewa wanapovunjikiwa na vyombo. Hakuwasifu Wamarekani kupita kiasi wala hakuwatukana ili ajipendekeze. Mwishowe wakaachiliwa, wasitoke Japani tena.

Katika jimbo lao la Tosa waliulizwa tena, na msomi mmoja, Kawada Shoryo, akaandika habari zao katika kitabu chenye picha. Ndipo katika vuli ya mwaka 1852 Manjiro akaruhusiwa kwenda Nakanohama. Mama yake alikuwa hai. Alikuwa amemhesabu mwanawe kuwa marehemu kwa karibu miaka 12, na sasa alisimama mbele yake mtu mzima wa miaka 25. Lakini walikaa pamoja siku chache tu. Amri ikaja kwamba Manjiro arudi mjini kufundisha, naye akapewa cheo na ruhusa ya kuvaa panga mbili, heshima ambayo mtoto wa mvuvi hakuweza hata kuiota.

7. Kazi yake

Julai 1853 merikebu nne za kivita za Marekani, chini ya Perry, zilifika karibu na mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, zikataka Japani ifungue bandari zake. Serikali ilitafuta mtu anayewajua watu wale, ikamwita Manjiro, ikampa cheo kikubwa zaidi na jina la ukoo, Nakahama, kwa ajili ya kijiji chake. Lakini wakubwa wengine walimwonea shaka. Walisema mtu aliyelelewa na Wamarekani hawezi kuwatakia mabaya, kwa hiyo akazuiliwa asikutane nao wakati wa mapatano. Huko Fairhaven alitengwa kwa sababu ya rangi yake; kwao alitiliwa shaka kwa sababu ya elimu yake. Naye katika mahali pote pawili alijibu kwa kazi, si kwa matusi. Mapatano yalipotiwa sahihi mwaka 1854, ndani yake mlikuwa na sharti la kuwasaidia mabaharia waliovunjikiwa na vyombo.

Manjiro aliendelea kufundisha Kiingereza na elimu ya merikebu. Alifasiri kitabu kikubwa cha Bowditch cha kuongozea vyombo, kazi aliyoimaliza mwaka 1857, akatunga pia kitabu kidogo cha mazungumzo ya Kiingereza. Mwaka 1860 serikali ilituma merikebu ya moshi Kanrin Maru kuvuka bahari ya Pasifiki mpaka San Francisco, na Manjiro alikuwa mkalimani. Dhoruba ilipowapiga, Wajapani wengi walilala kwa kuugua bahari, lakini Manjiro alisimama sitahani pamoja na mabaharia wachache wa Marekani waliokuwamo, akafanya kazi kama zamani. Walifika salama baada ya siku 37 hivi. Huko Manjiro na mwenzake Fukuzawa Yukichi, aliyekuwa baadaye mwalimu mkuu wa taifa lake, walinunua kila mmoja kamusi kubwa ya Kiingereza.

Mwaka 1870 alitumwa Ulaya na serikali mpya, akapitia Marekani. Alipofika karibu na Fairhaven aliomba ruhusa, akaenda usiku mpaka nyumbani kwa nahodha Whitfield, ambaye sasa alikuwa mzee. Hawakuwa wameonana kwa zaidi ya miaka 20. Mtu mwenye cheo aliyetumwa na serikali yake akalala katika nyumba ya yule aliyemwokota kisiwani akiwa uchi na njaa.

Baada ya safari hiyo afya yake haikuwa nzuri, akaishi kwa utulivu, akafariki Tokyo tarehe 12 Novemba 1898, mwenye umri wa miaka 71. Mwaka 1918 mwanawe, aliyekuwa daktari, alipeleka upanga wa zamani wa Kijapani uwe zawadi kwa mji wa Fairhaven, kwa kumbukumbu ya wema waliomtendea baba yake. Mwaka 1987 mji wa Tosashimizu, ambao kijiji chake kimo ndani yake, ulifungamana kwa udugu na miji ya Fairhaven na New Bedford.

Wazee wetu husema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na tena husema kwamba ukienda kwa wenye chongo uvunje lako jicho. Watu wengi hudhani maneno haya mawili yanapingana. Maisha ya Manjiro yanaonyesha kwamba mtu aweza kuyashika yote mawili. Alijifunza kiti, uma, hesabu na chusa cha wenyeji wake, akatii sheria za kazi yao, wala hakuona haya kukaa benchi la watoto. Lakini hakumsahau mama yake wala kijiji chake. Na elimu aliyoipata ugenini hakuifanya ngazi ya kuwadharau watu wake, bali aliirudisha nyumbani kama mvuvi arudishavyo samaki, ili wote wale.